Maswali na Majibu: Selimundu na Maombi ya Vyuo vya Ng'ambo

Shikamoo, Mwalimu. Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Nikiwa kidato cha tatu nililazwa mara tatu na alama yangu ya hisabati ikaporomoka kutoka A hadi C. Je, insha ya kuombea vyuo vya Marekani niiandike juu ya ugonjwa? (Msichana, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Fomu ya Common Application, inayotumika kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, ina insha isiyozidi maneno 650, na kando yake ina nafasi ya maelezo ya ziada. Humo ndimo mwa kueleza lini ulilazwa, masomo gani yalikupita na alama zilipandaje tena, kwa sentensi chache zisizo na malalamiko. Mwalimu anayekuandikia barua ya kukupendekeza naye alitaje jambo hilo, kwani likitoka kwake lina uzito zaidi. Insha ibaki yako. Kijana mmoja niliyemfundisha, mwenye maradhi kama yako, alianza yake kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana, chupa ya maji kwapani, akikadiria mafunda yatakayomvusha kabla mifupa haijaanza kuuma. Kuanzia aya ya pili alikuwa akieleza jinsi alivyoipenda hesabu ya foleni zenyewe, na wodi hakuigusa kabisa. Nilimaliza kuisoma nikiwa namjua yeye, si daktari wake.

Wakijua binti yangu ni mgonjwa, si watamkataa? (Baba, Changamwe)

Sheria za Marekani za mwaka 1973 na 1990 zinakataza chuo kumnyima nafasi mwombaji anayestahili kwa sababu ya ulemavu, na maradhi sugu mazito huweza kuhesabiwa humo. Nafasi yenyewe, hata hivyo, hakuna sheria inayoiahidi.

Je, gharama na baridi? (Mama, Likoni)

Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa wanapochagua, hata kwa mwombaji wa kigeni, na hugharimia pengo lote kati ya gharama za chuo na uwezo wa familia yake. Hata hivyo, ulizeni kwa maandishi kama bima ya afya imo ndani ya msaada huo. Baridi ni kweli huamsha maumivu ya selimundu, kwa hiyo ulizeni pia hospitali yenye daktari wa damu iko umbali gani kutoka bwenini. Kabla ya safari, daktari wa huku aandike dawa anazotumia mtoto na kiwango chake cha kawaida cha damu (himoglobini), maana daktari asiyemjua akiona saba au nane anaweza kukimbilia kumwongezea damu asiyoihitaji.