Homa inayokwenda na kurudi: muulize daktari kuhusu brusela

Homa inapanda jioni, usiku jasho linalowesha shuka, kiuno na magoti yanauma, asubuhi unapata nafuu. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Kama uko Arusha au Moshi na nyumbani mnakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari mwenyewe kuwa mnayanywa, usingoje akuulize: huenda ni brusela, mdudu wa mifugo anayeingia kwa mtu na maziwa mabichi. Katika utafiti wa Moshi wa mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliolazwa kwa homa waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kwa kila 100.

Mdudu wa kipindupindu hukaa kwenye utumbo na kumwaga sumu. Brusela hana sumu ya namna hiyo, yeye anajificha. Akiingia na maziwa humezwa na chembechembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kumeza wadudu na kuwayeyusha. Humo ndani hukaa kwenye kifuko, akakizuia kisiungane na kile chenye vimeng'enya vya kumyeyusha. Anazaliana humo humo, anabebwa hadi kwenye ini, bandama, uboho na viungo. Wadudu hao wakimwagika tena kwenye damu, homa inapanda.

Ndiyo maana dawa ni za aina mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6. Wengi huacha wiki ya pili homa ikikata, na wadudu waliojificha wanabaki. Mjamzito aseme mapema, kwani doksisaiklini, moja ya dawa hizo, haimfai. Na kipimo cha damu kikibaki chanya miezi kadhaa baada ya dozi, hiyo peke yake haimaanishi dawa imeshindwa.

Maziwa yachemke hadi yafure sufuriani, punguza moto, koroga dakika moja zaidi. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka kama kwenye nyuzi 95. Usihofu, nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kumuua brusela. Kosa kubwa liko kwenye mtindi: watu wanaamini uchachu unaua kila kitu. Chemsha kwanza, poza hadi vuguvugu, ndipo uweke vijiko viwili vya mtindi kwa lita, nao uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Kibuyu kilichobeba maziwa mabichi kisitumike.

Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, huenda ni brusela: usiguse kondo kwa mikono mitupu, hata kama huna kidonda. Vaa glavu, kifukie kwenye shimo refu mbwa wasikifukue, kisha mwite daktari wa mifugo.