Daktari Anajibu: Ultrasaundi ya Ndani na Safari ya Rufaa

SWALI: Baba yangu ana miaka 67. Macho yake yamegeuka manjano na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Ultrasaundi ya tumbo ilionyesha mfereji wa nyongo umetanuka, lakini haikuonyesha kinachouziba. Sasa tumeambiwa tumpeleke mbali akafanyiwe ultrasaundi ya ndani, ile ya kupitisha mpira mdomoni. Kwa nini isifanyike katika kila hospitali yenye ultrasaundi, na je, safari hiyo ina maana? – Binti wa Mzee, Majengo, Moshi.

JIBU: Pole sana, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Kabla ya yote, akipata homa na kutetemeka msingoje tarehe ya rufaa. Mpelekeni hospitali ya karibu siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda nyongo iliyoziba imeingiwa na vijidudu, na hali hiyo huua upesi.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake, ambamo mfereji wa nyongo hupita, kimezungukwa na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Mawimbi ya ultrasaundi yanayotoka juu ya ngozi hukutana na mafuta na gesi kabla ya kufika huko, ndiyo maana kipimo chenu kiliuona mfereji kikaishia hapo. Ultrasaundi ya ndani hutumia mpira wa endoskopi wenye kifaa kidogo cha ultrasaundi kwenye ncha yake. Mara nyingi ncha hiyo huvikwa kiputo laini kinachojazwa maji ili hewa isikae kati yake na ukuta wa utumbo, na mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, daktari hulitazama kongosho kwa karibu sana. Jiwe dogo ambalo CT skani, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, imelikosa linaweza kuonekana, na ukiwapo uvimbe, sindano nyembamba hupitishwa ndani ya mpira huo huo kuchukua kinyama.

Kipimo hiki si kigeni. Kimekuwapo tangu mwaka 1980. Kinachokwamisha zaidi ni wataalamu. Chama cha wataalamu wa endoskopi cha Marekani kilitaka mwanafunzi afanye vipimo 150 chini ya usimamizi kabla umahiri wake haujapimwa, na baadaye kikapandisha idadi hiyo hadi 225. Daktari anayepata mgonjwa mmoja mmoja kwa nadra hawezi kuufikia wala kuulinda ujuzi huo, na kinyama alichokitoa hakina faida pasipo mtaalamu wa patholojia, yaani daktari wa maabara, wa kukisoma kwa darubini. Kwa sababu hizo Uingereza, katika mwongozo wa mwaka 2001, ilielekeza kituo kimoja cha saratani ya kongosho kihudumie watu kati ya milioni 2 na 4. Ngazi zetu za rufaa, kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa kama Mawenzi, ya kanda kama KCMC na ya taifa Muhimbili, zinaongozwa na hoja hiyo hiyo, nami naiunga mkono, ingawa najua nauli na malazi vinavyoziumiza familia.

Safari ina maana iwapo jibu litabadilisha matibabu. Mwulizeni daktari aliyeandika rufaa kama CT skani imeshafanyika, kwa sababu wakati mwingine hiyo pekee hutosha kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa upasuaji bila sindano yoyote. Kama kuna mpango wa kumwekea bomba la kuzibua nyongo, ulizeni kipi kitangulie, kwani bomba likishakuwamo picha huharibika. Pigeni simu huko mwendako kuhakikisha kwamba mtaalamu yupo wiki hiyo na mashine inafanya kazi, na mjue kama bima inalipia kipimo pamoja na patholojia. Bebeni picha zenyewe, si ripoti tu, na orodha ya dawa zote za mzee. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, semeni mapema, lakini msizisimamishe wenyewe.