Kiatu kinabana: mambo ya kujua kabla hujashika kalibu

Fundi mgeni huharibikiwa kabla hata hajagusa kiatu, pale anapojibu haraka. Mteja katoka soko la Karume na mtumba wake mkononi, ngozi safi, bei ya kuokota, ila kinabana. "Fundi, nipanulie namba moja tu." Ukisema "hamna shida", umeshajifunga. Namba ni kipimo cha urefu. Kwa namba za Ulaya, hizi za 40, 41, 42, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 7. Urefu huo unashikwa na soli, na soli haivutiki. Kinachovutika ni ngozi ya juu, nayo inakwenda upana: milimita 3 mpaka 5 kwa ngozi nzuri, pungufu ya hapo kama ina bitana nzito.

Basi mvalishe kwanza. Avae na soksi atakazotumia, asimame, uzito wote uwe miguuni. Ukibonyeza pua ya kiatu ukakuta kidole gumba cha mguu kimegota mbele, mrudishie kiatu chake, mwambie akauze. Hakuna kalibu, kile kifaa cha umbo la mguu kinachoingizwa kiatuni na kukazwa ili kukipanua, itakayokusaidia hapo. Ikiwepo nafasi ya upana wa kidole chako mbele, lakini ubavuni kunabana, hiyo ni kazi. Ikiwezekana mpime alasiri au jioni. Kwa joto la Dar, mtu aliyeshinda kasimama dukani Kariakoo mguu wake wa jioni si ule wa asubuhi, na malalamiko atayaleta huo wa jioni.

Usiridhike na "kinabana hapa" huku anazungusha mkono juu ya kiatu kizima. Bandika selotepu ya karatasi ubavuni, mwambie abonyeze kwa ncha ya kidole palepale panapouma, kisha weka nukta ya kalamu. Mara nyingi ni sehemu ndogo kama sarafu: kifundo cha kidole kidogo, au ile nundu ya kando ya kidole gumba. Kupanua kiatu kizima kwa ajili ya sehemu kama hiyo ni kumfanya aanze kupwaya kisigino.

Kabla ya kalibu kuna dawa mbili zisizo na gharama, na fundi mwenye haraka huziruka. Ya kwanza, toa soli ya ndani kama inatoka, au ibadilishe na nyembamba. Unapata milimita 2 au 3 za kimo papo hapo. Ya pili ni kamba. Anayeumia juu ya mgongo wa mguu, fungua kamba, ruka jozi ya matundu yaliyo juu ya maumivu, endelea na jozi inayofuata. Wengine wanaondoka hapo hapo, na kesho wanakuletea jirani.

Sasa jua unachokivuta. Pinda ulimi wa kiatu uangalie ukingo uliokatwa. Ukiona nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpangilio kutoka juu hadi chini, ni ngozi. Ukiona kitambaa chenye mfumo wa nguo na utando laini juu yake, ni reksini. Usitegemee harufu, siku hizi hata reksini inanukia ngozi. Reksini ukiivuta inakubali, ukiiachia inarudi. Ukiilazimisha utando unapasuka penye mkunjo. Viatu vingi vya shule ni hivi, na Januari ndio utaletewa kwa wingi. Mwambie mzazi ukweli. Ile ngozi inayong'aa kama kioo nayo ina utando mgumu juu. Nyufa zake haziondoki kwa rangi wala kwa sala. Ikatae mpaka mkono wako ukomae.

Kagua pia gundi. Pitisha ukucha kwenye maungio ya soli na ngozi, hasa pale kiatu kinapokunjika. Kukiwa na mdomo uliofunguka hata kidogo, kalibu itaumalizia. Safisha, piga msasa, paka gundi pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kandamiza kwa nguvu, na ulaze kiatu siku nzima ndipo ufikirie kupanua.

Maji ya kulainishia hayana siri: spiriti nusu, maji nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Jaribu kwanza nyuma ya ulimi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, ongeza maji au tumia maji matupu. Lowesha sehemu uliyoweka nukta, kwa ndani zaidi kuliko nje, mpaka ngozi iwe na unyevu bila kuchuruzika. Swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, inaacha alama ya maji, hivyo ilowanishe kwa ndani tu.

Ingiza kalibu ikiwa imelegea, kaza mpaka ishike, kisha ongeza nusu mzunguko na uache. Acha kweli. Baada ya saa 8 au 12 nyunyiza kidogo, ongeza robo au nusu nyingine. Macho yako yawe kwenye mshono: matundu ya sindano yanapoanza kuwa mviringo wa yai na uzi kuonekana mweupe ndani yake, umefika mwisho, hata kama mteja alitaka zaidi. Ukihisi ngozi imekaza kama ngoma, rudisha robo.

Kwa ile sehemu ndogo unahitaji kifundo cha kuchomeka kwenye kalibu. Huna? Kata kipande cha soli kuukuu ya ngozi, unene wa milimita 3 au 4, ukubwa wa sarafu, kibandike kwenye kalibu usawa wa nukta yako. Kingo zake zipige msasa mpaka ziishe kabisa. Fundi aliyeruka hatua hii hujulikana: kiatu kinatoka na duara limejichora nje, na halifutiki.

Kiatu kikaukie juu ya kalibu. Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Nyuzi za ngozi zikiwa na unyevu huteleza na kukaa upya. Zikikauka zikiwa zimevutwa, hubaki hapo. Ukitoa kalibu ngozi ikiwa bado mbichi, inarudi ilikotoka na mteja anakuona tapeli. Kiangazi saa 24 hadi 48 zinatosha. Masika hewa yenyewe imelowa, hesabu siku tatu, na weka kiatu penye upepo, la sivyo bitana itaota ukungu. Usikianike juani juu ya bati ili kiwahi: ngozi inakauka mafuta na gundi inalegea. Hata dryer ya saluni, ukiikaribisha, kitu cha kwanza kuachia ni soli.

Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Ujanja wa kuweka mfuko wa maji kiatuni na kukiingiza kwenye friza una mantiki, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka takriban asilimia 9, lakini barafu haichagui pa kusukuma. Inasukuma soli sawa na ngozi. Na umeme ukikatika katikati, una kiatu kilicholowa tu.

Kinachochuna nyuma ya kisigino si kazi ya kalibu. Kule ndani kuna kipande kigumu. Funika ukingo wake wa juu kwa kitambaa, ugonge polepole kwa nyundo juu ya chuma mpaka ulainike, au nyanyua kisigino kwa kipande cha milimita 3 chini ya soli ya ndani.

Kwenye mtumba utakutana pia na kiatu cha ajabu: pua imechongoka na kupinda chini, soli ya mpira laini isiyo na meno, mpira umepanda mpaka pembeni na kuzunguka kisigino. Hicho ni cha kupandia miamba. Kimeshonwa kibane makusudi, vidole vikae vimejikunja, na mpira wa kisigino unasukuma mguu mbele. Kama ni ngozi isiyo na bitana, kinaweza kuachia hadi karibu namba nzima kwa kuvaliwa tu. Chenye bitana, nusu yake. Cha kitambaa cha plastiki, karibu hakuna. Mpira wa pembeni hauvutiki, kwa hiyo kalibu ikazwe kwenye sehemu iliyo juu ya mpira huo tu, bila moto. Dawa yake bora ni mguu wa mwenyewe: avae mfuko wa nailoni ili mguu uteleze kuingia, akae nacho dakika 10 au 15, avue, arudie mara kadhaa kwa siku. Anayekitaka kwa kutembelea mjini, mzuie.

Siku ya kuchukua, asivae na kuondoka. Kila ngozi hurudi kidogo, ndiyo maana unapanua kidogo kupita alama. Avae nyumbani nusu saa kwa soksi nene, kesho yake saa nzima, aendelee hivyo kama wiki, kabla ya kukanyaga nacho kutoka Posta mpaka Kariakoo. Mpe na kile kipande cha selotepu chenye nukta. Akirudi analalamika, kibandike tena uone kama maumivu ni yaleyale au yamehama.