Re: Niongeze madirisha sebuleni?

Ndugu, umeuliza kama uongeze madirisha mawili ukuta wa magharibi wa sebule kabla ya plasta. Mimi ningeongeza moja tu, tena si upande huo. Jua la alasiri linaingia likiwa chini, linakupiga usoni hapo hapo kwenye kochi, na runinga inageuka kioo. Hewa haihitaji wingi wa madirisha, inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Toboa ukuta unaotazamana na dirisha ulilonalo. Kwanza chora kwa chaki sakafuni makochi na kabati vitakaa wapi. Mimi sikuchora, leo kabati limeziba nusu ya dirisha! Na fundi asitoboe bila linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha; ilalie ukuta angalau sentimita 15 kila upande.