Mashine rahisi kwa watoto wa chekechea: mzigo kwanza, majina baadaye

Dada mmoja mwalimu wa chekechea kaniandikia juzi, anasema kabandika ukutani picha za mashine rahisi, vile vifaa vya kurahisisha kazi: wenzo, roda (kigurudumu cha kupitishia kamba), kabari, mteremko, skrubu, na gurudumu lenye ekseli (mhimili wake), watoto wamekariri zote sita ila ukiwauliza zinasaidia nini wanakutolea macho tu. Dada yangu, zibandue hizo picha kwanza.

Mi darasani kwangu jina linakuja mwisho na hili najivunia, siwafichi. Naweka ndoo ya mchanga katikati, kila mtoto ajaribu kuinua, wanakunja sura, wanacheka, haiinuki. Hapo ndo natoa ubao mrefu na kipande cha gogo, wenzo wetu huo. Ubao juu ya gogo, ndoo huku, mtoto anakandamiza kule, ndoo hiyooo! Nikisogeza gogo karibu na ndoo inakuwa rahisi zaidi, nikilisogeza karibu na mtoto hata alale juu ya ubao haiendi. Usieleze kitu hapo, waache wabishane. Majuzi kuna mmoja ambaye huwa haongei kabisa akasema, "mbona mkono wangu umeshuka sana ndoo imepanda kidogo?" Jamani! Si ndo siri yenyewe hiyo, nguvu inapungua ila unalipia kwa umbali, na kuna watu wazima wamefaulu mitihani hawajawahi kuiona. Nilitamba mpaka wenzangu wakanichoka.

Maana kuna bosi wangu wa zamani aliwahi kutukuta chini na mchanga wetu akasema mbele ya watoto, "masomo mtaanza lini?" Bado inaniuma. Watu wanadhani mtoto akikaa kimya kaangalia mbele ndo anajifunza, acheni hizo, mtoto wa miaka minne anafikiri kwa mikono, mpeni kitu kizito abebe!

Kabari na gurudumu hazisumbui. Skrubu, kata karatasi pembetatu, paka rangi ule ukingo wa mshazari, zungushia penseli, wataona kumbe ni mteremko umejiviringisha.

Roda ndo walimu wengi wanadanganya. Ile moja iliyofungwa juu haipunguzi uzito, inageuza tu upande wa kuvuta, kwahiyo usiwaambie ndoo imekuwa nyepesi, watakushika. Ukitaka wepesi kweli, funga ncha ya kamba juu, roda ining'inie kwenye kamba, ndoo itundikwe kwenye roda ipande nayo. Na kamba wasiizungushe mkononi wala shingoni, simama hapohapo kwenye ndoo, hao vidole vyao viko kila mahali.