Mgeni wa Solo Anakuja, Tujipangeje?

SWALI: Bendi yetu ya jazi ya chuo kikuu ina wapigaji 17. Tutapiga na mpiga saksofoni alto wa kulipwa, na mazoezi naye ni saa mbili tu, siku moja kabla ya onyesho. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzieni kwenye karatasi za nota. Alto ni ala ya E bemoli, yaani akisoma C inasikika E bemoli: piano ikipiga B bemoli, yeye anasoma G. Mkimpa kwa makosa karatasi ya saksofoni tenor, yenye C mahali hapo, itasikika E bemoli na muda utaishia kwenye kurekebisha. Mtumieni nota pamoja na kordi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za sehemu ya solo, pale atakapobuni mwenyewe, mapema.

Panapoharibika zaidi ni solo yenyewe. Mgeni akinogewa huongeza mizunguko (marudio ya sehemu ya solo), nusu ya bendi ikaingia, nusu ikasubiri. Kwa bluzi ya baa 12 za 4/4 (kila baa ina mapigo manne), kubalianeni kwamba idadi ya mizunguko ni wazi na kiongozi mmoja tu ndiye anayetoa ishara: anainua ngumi katika baa nne za mwisho, wote wanaingia mwanzoni mwa mzunguko unaofuata. Fanyeni mazoezi ya ishara hiyo bila mgeni, mwenzenu mmoja akishika nafasi yake.

Matarumbeta na matromboni yanayoitikia nyuma ya solo yapige kwa sauti ndogo kuliko yalivyoandikiwa. Wanafunzi hupenda kushindana hapo. Piano na gitaa zisijaze kordi kwa pamoja, zipokezane.

Saa mbili zenyewe? Mianzo, miisho na mabadiliko ya mwendo. Nyimbo nzima pigeni mkibakiwa na muda.