Bodi ya lori la rimoti ikipasuka, usikimbilie supagluu

Bodi yangu ya kwanza kupasuka, yaani lile gamba la plastiki linalofunika lori dogo la kuendeshwa kwa rimoti, ilianzia kwenye tundu la nguzo ya nyuma, kile kijiti kinachoishikilia bodi juu ya lori. Lori liliruka, likatua magurudumu juu, na nilipoligeuza nikaona mstari mwembamba kama unywele ukitoka kwenye tundu kuelekea dirisha la pembeni. Urefu wake kama kidole gumba. Nikachukua supagluu, nikadondosha matone matatu, nikabana dakika moja. Ikashika vizuri kabisa. Kesho yake lori likapinduka mara moja tu, tena kwenye nyasi, na ufa mpya ukachomoza pembeni mwa gundi ukapanda mpaka kwenye paa. Iliniuma sana, maana rangi ile niliipiga mwenyewe kwa siku mbili.

Gundi ile haikuwa dhaifu. Ilikuwa ngumu mno. Bodi nyingi za malori ya kukimbia na kuruka hutengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ileile inayotumika kwenye miwani ya kazi ya kukinga macho, na unene wake ni kama milimita 1 hivi. Hukaa muda mrefu kwa sababu inabonyea na kurudi. Supagluu ikikauka haibonyei. Bodi ikijikunja, pale penye gundi panabaki pamekaza, na nguvu yote inahamia ukingoni mwa gundi, ndipo panapopasuka. Isitoshe, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye madirisha angavu.

Kwa hiyo kiraka cha bodi ya aina hii lazima kinyumbuke pamoja nayo. Ila kabla ya kiraka kuna kazi moja ambayo watu wengi huiruka, nayo ni kuufunga mwisho wa ufa.

Ncha ya ufa ni kali kuliko sindano, na kila bodi inapotikisika nguvu hukusanyika hapo. Ukitoboa tundu dogo la mviringo pale ncha inapoishia, ile nguvu inatawanyika kuzunguka tundu na ufa unakosa pa kwendea. Mafundi wa ndege hufanya vivyo hivyo kwenye mabati. Shida ni kuiona ncha yenyewe. Rangi imepigwa kwa ndani, kwa hiyo kumulika kwa nyuma hakusaidii. Mimi huishika bodi chini ya taa, natazama kwa upande mpaka mng'ao wa taa ulale juu ya ufa, kisha naikunja taratibu kwa vidole viwili. Mng'ao unavunjika pale ufa unapofunguka. Unapoacha kuvunjika ndipo pa kuweka alama, halafu naongeza milimita 1 au 2 mbele, kwa sababu ufa huwa umeshafika mbali kuliko jicho linavyoona. Hapo natoboa kwa biti ya milimita 2, na naizungusha kwa mkono. Drili ya umeme ikinasa kwenye plastiki nyembamba inaweza kukuongezea ufa wa pili.

Baada ya hapo geuza bodi ufanye kazi kwa ndani. Osha kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili. Asetoni usiisogeze kabisa, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni ndani yake. Polikaboneti inageuka nyeupe na kujaa vijinyufa. Gundi ya kuzuia skrubu zisilegee nayo ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo ukiitumia kwenye lori ifute vizuri kabla hujarudisha bodi. Kama rangi pembeni mwa ufa inabanduka, ikwangue, maana gundi iliyoshika rangi iliyolegea haijashika kitu. Kisha kwangua kidogo kwa msasa laini, upana wa sentimita 2 kila upande.

Gundi ninayoiamini ni ile nzito ya kutengenezea viatu, inayobaki kama mpira ikishakauka. Mimi hutumia Shoe Goo. Pamoja nayo nakata kipande cha utepe wa wavu wa fiberglasi, ule ambao mafundi ujenzi hubandika kwenye maungio ya jipsamu. Funga ufa kwa nje kwa selotepu ili kingo zikutane sawasawa, paka tabaka jembamba la gundi kwa ndani, laza wavu, halafu paka tabaka la pili na ulisukume kwa kidole kilicholowa maji mpaka gundi ichomoze kwenye kila tundu la wavu. Vaa glavu, fungua madirisha, kwa sababu mvuke wake ni mkali. Kisha iache. Baada ya saa 24 itaonekana imekauka, lakini mimi husubiri saa 72. Kiraka kilichowahishwa hubanduka chote kama ngozi ya kidonda.

Bodi ngumu za malori ya kupanda miamba ni habari nyingine. Hizo mara nyingi ni plastiki ya aina nyingine iitwayo ABS, nene zaidi, na rangi yake hupigwa kwa nje. Huku asetoni ndiyo rafiki: loweka vipande vidogo vya ABS ndani yake mpaka viwe uji mzito, paka kwa ndani ya ufa, na plastiki zitayeyukiana kuwa kitu kimoja. Hakikisha tu ni ABS kweli kabla hujaanza.

Nyufa nyingi nilizoziba zilianzia sehemu mbili. Ya kwanza ni matundu ya nguzo. Siku hizi bodi ikiwa mpya kabisa naweka wavu na gundi kuzunguka kila tundu kabla lori halijagusa ardhi. Ya pili ni juu ya matairi, pale bodi ilipokatwa kwa mkasi ikaachwa na kona kali. Kona ile ni ufa unaosubiri. Ikate kwa mviringo na uipitishe msasa mpaka ukingo uwe laini kidoleni.

Viraka vikishakutana, kiraka juu ya kiraka, bodi inakuwa nzito juu na lori linapinduka kwenye kona ambazo zamani lilizipita bila shida. Hapo mimi huipumzisha, lakini siitupi. Paa na milango yake naikata vipande vya kujaribia gundi mpya na rangi mpya, na sehemu zilizobaki nzima zinakuwa viraka vya bodi inayofuata.